Risasi Alizonichagulia Mpwa

Kambini, 3 Machi

Kwa Kiziwi wangu,

Salamu sina, nina malalamiko. Zile pakiti tatu ulizonitumia mwaka jana ni makapi.

Nilikuwa nimelala tumbo juu ya jabali, bunduki nimeiegemeza kwenye begi, dume la mbuzi mwitu liko ng'ambo ya bonde, mita mia nne, limenigeuzia ubavu kama linapigwa picha. Upepo hakuna. Nikavuta pumzi, nikaitoa nusu, nikabonyeza. Dume likaruka kwa miguu mitatu. Nikabonyeza tena, vumbi likapanda pembeni. Wafuata damu wangu wawili walihangaika mpaka jua likazama, wakarudi mikono mitupu. Mimi huyo. Mimi ambaye kambi nzima inaniita Risasi Moja.

Miaka thelathini nilikuwa sijapoteza mnyama. Mwaka jana peke yake nimepoteza wanne. Bunduki ni ileile, darubini ni ileile, mkono ni uleule. Kilichobadilika ni risasi, na risasi zinatoka kwako. Sasa niambie kama umekuwa mvivu au umekuwa mjinga.

Msimu unafunguliwa tarehe mosi Mei na nina wageni sita walioandikishwa kuwinda nami. Nitafutie risasi inayokwenda pale ninapoielekeza. Wamesema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini wewe husikii kabisa, kwa hiyo nimeona nikuandikie.

Juzi nilikuwa nawasimulia vijana jinsi ulivyokuwa unafumba macho kila nikipiga, mpaka siku ile nilipokuwekea mtutu kando ya kichwa na kufyatua. Sikio lilikwenda, lakini na woga ulikwenda. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Kama si mimi, leo usingekuwa fundi wa chochote.

Mjomba wako


Karakana, 11 Machi

Shikamoo Mjomba,

Barua yako nimeipata. Pole kwa wanyama waliopotea. Naomba unisikilize, halafu nitukane ukipenda.

Risasi ya kwenda mbali haitaki nguvu, inataka kufanana. Ya kwanza ifanane na ya pili, na ya pili ifanane na ya ishirini. Kichwa kimoja cha risasi kikizidi kingine uzito kwa kiasi cha punje ya mchele, kwenye mita mia moja hutaona kitu. Kwenye mita mia nne utaona mnyama akikimbia na utumbo nje. Ndiyo maana mizani yangu nimeiweka ndani ya kisanduku cha kioo, feni nimeizima, na mteja akiingia namwomba asiegemee meza. Kila kichwa napima. Kila kipimo cha baruti napima. Visivyolingana naviweka kwenye kopo la wanaojifunza.

Nakutumia aina mbili za vichwa. Vya kwanza vina gramu kumi na moja, vina ncha kali na mkia uliochongwa mwembamba. Hivi hukata upepo vizuri. Vya pili ni gramu tisa na nusu, vinaondoka kwa kasi zaidi lakini upepo unavichezea. Vyote ni vya kuwindia, vinafunguka vikiingia nyamani. Usikubali mtu akuuzie vya mashindano. Vile hutoboa karatasi vizuri mno, lakini mnyama vinampita kama sindano na anakwenda kufa mahali usipopajua.

Pigia karatasi kwanza. Mita mia tatu, umeegemea, tano za aina hii, tano za aina ile. Mtutu uache upoe kati ya risasi na risasi. Kisha nitumie karatasi zenyewe. Usinieleze matokeo kwa maneno, matundu yatasema.

Mpwa wako


Kambini, 25 Machi

Kiziwi,

Karatasi hizo hapo. Mwanafunzi amegeuka mwalimu, ananipa mazoezi ya kuandika.

Angalia mwenyewe. Zile nzito zimegawanyika marundo mawili, matundu matatu kushoto, mawili kulia, kati yake shibiri nzima. Zile nyepesi vilevile. Nimepiga zote kwa utulivu, nimeegemea mfuko wa mchanga, nimekunywa chai moja tu. Hakuna hata moja niliyoiharibu mimi. Kama ningeiharibu ningejua, mkono hunena.

Mkaza mjomba wako alikuwa amesimama nyuma yangu, akasema labda nimechoka. Nikamwambia arudi kwenye masufuria.

Sasa fundi, matundu yanasemaje?

Mjomba


Karakana, 2 Aprili

Dada yangu,

Uko salama huko wodini? Mimi nipo. Nina swali la kazi yako, na ukishanijibu nina jambo la kukwambia ambalo siwezi kumwambia mtu mwingine.

Mjomba amekuwa akijeruhi wanyama na analaumu risasi zangu. Nimemwomba apigie karatasi, nazo ziko mbele yangu hapa. Dada, risasi mbaya hutawanya ovyo. Baruti isiyo sawa hupanga matundu juu na chini. Upepo huyasukuma kando. Kichwa kirefu ambacho mtutu haukukizungusha vya kutosha hutoboa tundu refu kama yai. Hapa hakuna hata kimoja cha hivyo. Kuna marundo mawili, na kila rundo ukilifunika kwa mdomo wa glasi linafunikika lote. Ni kama watu wawili, wote mahodari, wamepiga shabaha mbili zilizokaa jirani. Lakini mtu ni mmoja na shabaha ni moja. Wewe umekaa na wagonjwa wa macho miaka tisa. Hii ni nini?

Nadhani najua. Nilijua mara tu nilipoikunjua karatasi ya kwanza. Jambo ninalotaka kukwambia ni kwamba nilipojua, nilicheka.

Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki. Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Baada ya kufyatua, damu ikanishuka mpaka kwenye kola, na yeye akaniambia niokote maganda ya risasi. Niliyaokota yote. Mkaza mjomba ndiye aliyeniosha sikio kwa maji ya vuguvugu, asubuhi na jioni, wiki mbili, na kila mjomba akiingia chumbani ananyamaza. Mpaka leo hadithi ile anaisimulia watu wacheke. Mkuki kwa nguruwe.

Kaka yako


Hospitali, 9 Aprili

Kaka,

Ni mtoto wa jicho. Sijampima, lakini kwa umri wake na kwa unavyoeleza, naweza kuapa. Kioo cha ndani ya jicho kinapoanza kupata ukungu, wakati mwingine hakifichi kitu, kinakifanya kiwe viwili: chenyewe na kivuli chake. Mgonjwa hajui kipi ni kipi, anachagua kimoja. Wengi hawatambui kwamba wanachagua.

Habari njema ni kwamba linatibika. Nusu saa. Anaingia asubuhi, jioni anakwenda nyumbani na bandeji. Hapa kwetu wanafanyiwa kumi kwa siku. Mwambie aje, nitamshughulikia mwenyewe.

Kuhusu kucheka, sitakuhukumu. Ningekuwa na sikio moja pengine na mimi ningecheka. Lakini umeshacheka, basi. Mtu asiyeona akiwa na bunduki mkononi si jambo la kuweka kiporo. Mwandikie leo.

Dada yako


Karakana, 14 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Karatasi nimezichunguza kwa lenzi, moja baada ya nyingine. Kosa nimelipata, na kosa ni langu. Naomba radhi.

Maganda niliyotumia yalitoka viwanda viwili tofauti. Kwa nje ni mamoja, kwa ndani moja lina ukuta mnene kuliko jingine, kwa hiyo baruti ileile inasukuma kwa nguvu tofauti. Ndiyo hayo marundo mawili. Mkono wako hauna kosa lolote. Kila rundo ni dogo, na mtu anayepiga rundo dogo vile kwenye mita mia tatu, kwa umri wako, hakuna wa kumfundisha.

Nakutumia pakiti mpya, gramu kumi na mbili kasoro, maganda ya kiwanda kimoja, nimeyapanga mwenyewe kwa uzito. Kwa kuwa msimu umekaribia, usizimalize kwenye karatasi. Nenda nazo mlimani.

Mpwa wako


Hospitali, 28 Aprili

Kaka, umemwambia? Nimemwekea nafasi wiki ya pili ya Mei. Nijibu kwa mstari mmoja.

Dada


Karakana, 5 Mei

Dada, nimemwambia. Amesema msimu ukiisha atakuja. Unamjua alivyo, ukimsukuma anakaa chini. Tumwache.

Kaka


Kambini, 6 Mei

Mpwa wangu,

Sijui nianzie wapi.

Siku ya pili ya msimu nilikuwa na mgeni mmoja, mtu mzima, daktari wa meno. Alimpiga dume akamjeruhi tu, akaniomba nimmalizie kabla hajavuka ukingo. Mita mia tatu na hamsini. Kazi ya mtoto. Nikampiga kwenye paja. Nikampiga tena, taya likaning'inia. Alikuwa anakwenda huku taya linaning'inia, mpwa wangu, na wote tulikuwa tunamwangalia kwa darubini. Mgeni akavua kofia. Jioni akamwomba meneja ampe mtu mwingine.

Siku ya nne, jike. Sikukusudia jike. Niliona dume.

Wafuata damu wangu wamekataa kwenda nami. Mmoja ninayefanya naye kazi tangu ana ndevu nyeusi alikuja mlangoni, akasema, "Mzee, mimi si mchinjaji." Nikamtukana. Akaitikia "Sawa mzee," akaondoka. Afadhali angenijibu. Meneja naye amegawa wageni wangu waliobaki kwa wengine. Sasa niko kambini nala na kulala. Yule kijana wa jikoni amenibatiza jina jipya, Risasi Debe. Nilimsikia kwa masikio yangu.

Nina kibali changu binafsi cha dume mmoja mpaka mwisho wa Juni. Nikimwangusha kwa risasi moja, mbele ya watu, maneno yatakwisha. Nitumie nyingine. Huwa sikuombi kitu, unajua. Safari hii naomba.

Mjomba


Kambini, 20 Mei

Mwanangu,

Naandika mjomba wako akiwa amelala. Asijue.

Tangu kuolewa kwangu sijawahi kumsema mume wangu nje ya mlango, lakini maji yamenifika shingoni. Anamimina chai nje ya kikombe. Juzi alilisalimia koti langu la kahawia lililotundikwa msumarini, akaliuliza mbona kimya. Mimi nikacheka nikidhani ni utani, naye akanikasirikia, nikajua si utani. Usiku wa mbalamwezi alisema angani kuna miezi miwili na mmoja ni mchafu.

Nimemwambia twende tukapimwe macho. Akaniuliza kama mimi ni fundi wa bunduki. Anasema fundi ni wewe, na wewe umemwandikia kwamba mkono wake hauna kosa. Ile barua yako anayo mfukoni, anaitoa anawasomea watu. Kwa kweli ameikariri, karatasi anaishika tu.

Mwanangu, nimekulea kidogo na nimekuonea huruma sana, na kuna mambo niliyanyamazia ambayo sikupaswa. Sasa nakuomba kitu kimoja. Karatasi zile wewe umeziona. Niambie kweli, ni macho au ni risasi? Ukisema macho, bunduki nitaifungia sandukuni na ufunguo nitautupa chooni, aje aniue yeye. Ukisema risasi, nitanyamaza na nitamfuata mlimani kama anavyotaka, maana hana tena wa kumfuatia damu na siwezi kumwacha aende peke yake.

Nitafuata utakachosema.

Mkaza mjomba wako


Karakana, 27 Mei

Shikamoo Mama,

Nimesoma barua yako na nimeirudia. Mzee akizeeka kila mtu hugeuka daktari wake. Chai humwagika, na koti gizani ni koti tu.

Karatasi zinasema risasi. Macho yake bado ni ya mwewe. Usiwe na wasiwasi, na usimfungie bunduki, utamvunja moyo kwa jambo lisilokuwepo.

Nimemtumia pakiti nyingine kwa basi la jana. Kati ya zote nilizowahi kutengeneza hizi ndizo bora. Nimejaribu mwenyewe kwenye uwanja wa shabaha: mita mia nne, tano ndani ya kiganja. Zinafika pale zinapoelekezwa.

Mwanao


Kambini, 4 Juni

Mpwa wangu,

Risasi zimefika. Nimezishika moja moja. Ziko sawasawa kama meno ya mtoto. Najua umekesha kwa ajili yangu.

Mkaza mjomba wako ameacha kelele zake za macho. Anasema ulimwandikia ukamtuliza. Sasa tunatoka pamoja alfajiri, anabeba maji na mkate, ananifuata nyuma kama tulivyokuwa tunatembea kabla hatujaoana. Anazungumza njia nzima. Nilikuwa nimesahau kwamba ni mcheshi.

Ameniambia neno ambalo limenikaa. Amesema, "Yule mtoto ulimtoboa sikio na bado anakutengenezea risasi." Mimi kuomba radhi sikufundishwa. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi. Ile hadithi sitaisimulia tena. Nakutumia na ngozi ya dume langu kubwa, ile iliyokuwa ukutani, uiweke karakana kwako.

Mjomba wako


Kituo cha polisi, 19 Juni

Mpwa wangu,

Naona mistari inapandana, utanivumilia. Mkaza mjomba wako hayupo. Nimemuua mimi.

Jumanne asubuhi nilimpiga dume, mita mia tatu na themanini. Akaanguka nyuma ya mawe mekundu, akainuka, akaanguka tena, hakuonekana. Mkaza mjomba wako akasema, "Wewe kaa na bunduki yako hapa, mimi nashuka nikaangalie. Nikifika nitapunga kitambaa cheupe. Ukikiona, weka bunduki chini uje." Nikamwambia sawa. Akashuka bondeni anaimba.

Nilikaa na darubini mpaka jicho likatoa machozi. Kitambaa sikukiona. Kisha nikaliona dume linainuka kati ya mawe, la kahawia, na kivuli chake pembeni. Nikasema huyu naye ataniondokea na risasi yangu mwilini kama wenzake. Nikavuta pumzi, nikaitoa nusu.

Safari hii hakuruka. Alikaa palepale. Nikafurahi, mpwa wangu. Hilo nataka ulijue, kwa sababu polisi sikuwaambia. Nilisimama juu ya jabali nikamwita mke wangu kwa jina lake aje aone.

Nilipofika, dume alikuwa amekufa zamani. Yeye alikuwa hatua tatu kutoka pale, amevaa lile koti, kitambaa amekikamata mkononi. Risasi ilipita katikati ya kifua. Hakuteseka. Wanaojua wamenihakikishia.

Wameniuliza risasi ni za nani. Nikasema ni za mpwa wangu na hazina kosa. Tangu Machi tunahangaika wewe na mimi kutafuta risasi isiyokosa, na tumeipata. Ilikwenda pale nilipoielekeza. Wewe usijilaumu hata kidogo, ulifanya kila nilichokuomba.

Njoo kwenye mazishi. Sina mtu.

Mjomba


Kambini, 1 Julai

Kaka,

Tumemzika Jumamosi. Watu walikuwa wengi. Mjomba alisimama kaburini akigeuka kila mtu akipita, akiuliza, "Ni mpwa huyo?" Nilimjibu mara nne kwamba si wewe. Mara ya tano nikamshika mkono.

Polisi wamemwachia, wameandika ajali. Kibali na bunduki wamechukua. Nimemtazama macho kwa tochi hapohapo uani. Ukungu wa jicho la kulia ni mweupe kama maziwa, la kushoto linafuatia. Mtoto wa shule angeliona.

Nilimuuliza kwa upole kwa nini hakuja Mei kwenye nafasi niliyomwekea. Akaniuliza, "Nafasi gani, mwanangu?"

Ulinijibu kwa mstari mmoja, "Nimemwambia." Nimeubeba huo mstari kwenye mkoba. Kwenye droo ya jikoni nimekuta pia barua yako ya tarehe 27 Mei, imekunjwa vizuri ndani ya kitambaa cha mkate. Nimeisoma nikiwa nimesimama.

Sijamwonyesha. Si kazi yangu kumwonyesha, ni yako. Nampeleka hospitali kesho. Mwandikie huko.

Dada


Karakana, 8 Julai

Mjomba,

Shikamoo siwezi kukuandikia, nitaonekana nakudhihaki.

Risasi zangu zote zilikuwa nzuri, tangu zile za mwaka jana. Hakukuwa na maganda ya viwanda viwili. Nilipoona karatasi zako mwezi wa tatu nilijua ni jicho, na dada akanithibitishia kwamba ni mtoto wa jicho na linatibika kwa nusu saa. Nilikaa kimya. Nilitaka wakucheke. Nilitaka usimame mahali ukisikia watu wanakucheka na usijue kwa nini. Nilipanga kukwambia msimu ukiisha, ukishakuwa kichekesho kabisa. Nilikuwa nasoma barua zako za malalamiko wakati wa chakula.

Mkaza mjomba aliniuliza wazi. Nikamwambia ni risasi. Alisema atafuata nitakachosema, na alifuata.

Barua yako ya tarehe 4 Juni, ile ya kuhusu sikio, niliisoma mara tatu. Nikachukua karatasi nikaandika, "Mjomba, nenda kwa daktari wa macho, usiguse bunduki." Mteja akaingia. Nikaikunja ile karatasi, nikaiweka chini ya mguu wa meza ili mizani isiyumbe. Mpaka leo iko pale.

Sikuja kwenye mazishi kwa sababu nilijua utanikumbatia.

Sikuombi msamaha. Nimeandika ili ujue uliyempiga hukumpiga peke yako.

Mpwa wako


Hospitali, 21 Julai

Mpwa wangu,

Anaandika dada yako, nasema mimi.

Jicho la kulia wamelifanya juzi. Kweli ni nusu saa. Daktari ni binti mdogo, mikono yake haitetemeki, ningempa bunduki. Alipomaliza aliniuliza kwa nini nilichelewa hivi. Nikamwambia sikujua, na hakuna aliyejua. Nimefungwa bandeji, na la kushoto ni ukungu mtupu, kwa hiyo siku hizi naishi kwa kusikia. Nimekufikiria sana.

Barua yako imefika. Niliipapasa, ni nene, nikajua umeandika ya moyoni. Dada yako alitaka kuifungua anisomee, nikamkataza. Mambo ya mjomba na mpwa hayasomwi na mtu wa katikati. Alipoirudisha mkononi mwangu nilimsikia analia, sijui kwa nini. Amechoka, amekaa nami usiku na mchana.

Kambini sirudi. Nyumba ile kila msumari una koti. Nimeona nije kwako. Sina mtoto, sina mke, nina wewe. Nitalala chumba cha nyuma ya karakana, nitakupangia maganda kwa uzito, mikono bado inafanya kazi. Usinipikie chochote maalumu. Nakuja Jumamosi. Barua ninayo mfuko wa ndani, haijafunguliwa, utanisomea kwa mdomo wako tukiwa wawili.

Mjomba wako

Kaka, nimeandika neno kwa neno kama alivyosema. Nilijaribu kumpunguzia, hakukubali. Basi linaingia saa nne asubuhi. Usimtume mtu kumpokea. Bandeji ameruhusiwa kuitoa jioni ya siku hiyohiyo, na daktari anasema kwa jicho hilo atasoma hata maandishi madogo. Una mchana mmoja.